Tiketi Isiyopanda Treni za Haraka

Tiketi yangu ilikuwa na katazo moja. Deutschlandticket, euro 58 kwa mwezi kwa bei ya mwaka 2025, inakupandisha treni zote za mikoani, tramu na mabasi ya mijini Ujerumani nzima, mara nyingi utakavyo. Ila zile treni ndefu nyeupe zinazokimbia kati ya miji mikubwa, hizo hugusi.

"Dada, utachoka," alisema mdogo wangu aliyeninunulia. Anaishi Leipzig mwaka wa nane sasa, na kwake ndiko nilikofikia. "Kwenda Munich kwa treni hizi ni siku nzima, tena unabadilisha mara tatu nne."

Nikamwambia mimi ni mtu wa Mbeya. Nimekulia treni ya TAZARA, tena ile ya kawaida, siyo ekspresi. Ile inayosimama hata penye mwembe na benchi. Nimeshaamshwa Mlimba saa nane za usiku na mama anayeuza wali na samaki dirishani, nikala, nikalala tena, na kulipokucha tulikuwa bado tunapandisha milima. Mtu wa namna hiyo humtishi kwa kubadilisha treni.

Akacheka, akanisisitizia jambo moja tu: tiketi hiyo ni ya kujiandikisha, inajikata yenyewe kila mwezi, kwa hiyo lazima tuifute kabla ya tarehe 10, la sivyo na mwezi ujao nitalipia nikiwa nimesharudi darasani kwangu kufundisha jiografia.

Safari ya kwanza nilifuata mkumbo. Nilikwenda Dresden, nikapanda treni ya mjini inayofuata mto Elbe mpaka Rathen, nikavuka kwa kivuko, nikapandisha ngazi hadi daraja la mawe la Bastei, lililojengwa mwaka 1851 katikati ya majabali. Mandhari ile haisifiwi bure. Lakini nilichokiona zaidi ni migongo. Nilikaa foleni nipige picha ya daraja, na waliokuwa juu ya daraja walikuwa kwenye foleni wapige picha ya pale nilipokuwa mimi. Mtoto mmoja alilia akitaka kurudi nyumbani, nikamwelewa.

Alasiri, nikisubiri treni ya Leipzig kwenye stesheni kuu ya Dresden, nikaona treni fupi ya dizeli imesimama jukwaa la pembeni, imeandikwa Görlitz. Nikatazama wanaoipanda, tabia ambayo mwalimu haiachi hata akiwa likizo. Wanafunzi na mikoba yao ya shule. Bibi na mfuko wa vitunguu. Kijana na baiskeli. Fundi na ndoo ya rangi. Hakuna aliyekuwa na sanduku la magurudumu, wala aliyeinua simu kupiga picha paa la stesheni. Nikajiambia, hawa wanakwenda kwao. Kesho nami nitakwenda huko kwao.

Tangu siku ile hicho kikawa kipimo changu. Orodha za miji "iliyojificha" nimezisoma nyingi mtandaoni kabla ya kuondoka, na mji ukishaingia kwenye orodha ya namna hiyo umeshafichuka. Mimi natazama nani anapanda na amebeba nini. Mfuko wa vitunguu haujanidanganya.

Kutoka Dresden kwenda mashariki ni kama saa moja kufika Bautzen. Nilishuka hapo kwa sababu ya kibao tu. Kibao cha stesheni kina majina mawili, Bautzen na Budyšin. Hilo la pili ni la Wasorbi, watu wachache wenye lugha yao ya Kislavi, ambao babu zao walikaa eneo lile kabla ya Wajerumani. Majina ya mitaa nayo yameandikwa kwa lugha zote mbili. Nikafikiria Tukuyu nilikozaliwa, ambako sokoni utasikia Kinyakyusa kutwa nzima lakini kwenye vibao hukikuti. Nilitembea saa mbili katika mji wenye minara mingi na watu wachache, nikanunua kopo la haradali, maana ndiyo sifa ya mji, nikarudi kupanda treni iliyofuata. Tiketi ile haikuadhibu kwa kushuka njiani. Nadhani hilo ndilo nililolipenda kuliko bei yake.

Kabla ya Görlitz wakapanda askari wawili wa mpakani. Behewa lilikuwa na watu kama ishirini. Wakawapita wote, wakasimama kwangu. Pasipoti, visa, unakwenda wapi, umefikia kwa nani. Walikuwa na adabu, nami nilikuwa na adabu, na abiria wengine wote waliyatazama madirisha yao kwa makini mno. Wanaosifia miji tulivu huwa hawalisemi hili. Kwenye umati wa Paris hakuna anayekuona. Kwenye mji mdogo wa mpakani, mtu mweusi anaonekana tangu anapotoka mlangoni mwa stesheni. Pasipoti nilitembea nayo kila siku, hata nikienda kununua mkate. Wengi wanaokutazama ni udadisi tu, kama sisi tunavyomtazama mzungu aliyeshuka Makambako peke yake. Lakini huwezi kujua ni yupi hadi afungue mdomo, na kutwa nzima ya kutojua inachosha kuliko kubadilisha treni.

Görlitz ndio mji wa mwisho wa Ujerumani upande wa mashariki. Vita Kuu ya Pili iliuacha karibu mzima, na leo una majengo yapata 4,000 yanayolindwa kisheria kwa ajili ya historia yake. Unatembea mtaa baada ya mtaa wa kuta za rangi ya krimu na waridi, unasikia viatu vyako mwenyewe. Wapo watalii wa kutwa, siwezi kudanganya, ila jioni wanarudi Dresden na mji unabaki na wenyewe. Ndiyo sababu nililala siku mbili. Mji mdogo unaotembelewa mchana na kuachwa jioni hujauona.

Nyumba zile zina kisa. Kuanzia mwaka 1995, kila mwaka, mtu asiyejulikana alikuwa akiutumia mji marki milioni moja za kukarabati majengo ya kale, na euro zilipoingia akaendelea na thamani ileile ya zile marki, kwa fedha mpya, kwa sharti kwamba asitafutwe. Fedha ziliingia hadi mwaka 2016. Jina lake halijatoka mpaka leo. Kwetu mtu akichangia mifuko miwili ya saruji jina linasomwa kwenye spika.

Lakini kilichonifunga Görlitz ni jiwe. Kwenye bustani karibu na mto kuna jiwe la kumbukumbu linaloonyesha kwamba hapo inapita longitudo ya nyuzi 15 mashariki. Miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya ubao nikiwaambia watoto, "Nyuzi kumi na tano ni saa moja, andikeni." Na huu ndio mstari wenyewe, umepita kwenye majani, mbwa anaukojolea. Tarehe 1 Aprili 1893 Ujerumani yote ilianza kufuata saa ya mstari huu. Kabla ya hapo kila mji ulikuwa na saa yake kwa kufuata jua lake, na waliosukuma mabadiliko ni watu wa reli, maana ratiba ya treni haiandikiki kama kila stesheni ina adhuhuri yake. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo vitabuni. Siku ile nilisubiri karibu saa saba mchana, kwa kuwa kiangazi wanasogeza saa mbele, mpaka kivuli changu kikawa kifupi kuliko vyote na kuelekea kaskazini sawasawa. Wazee wawili walipita, wakanitazama, wakatazama chini nilipokuwa natazama. Nadhani waliamini nimedondosha hereni.

Ng'ambo ya mto Neisse ni Poland, mji wa Zgorzelec. Ulikuwa mji mmoja na Görlitz hadi mwaka 1945, mpaka ulipowekwa kwenye maji. Daraja la mji wa kale lililipuliwa mwezi Mei mwaka ule, na hili la waenda kwa miguu lilifunguliwa mwaka 2004. Nilivuka kula pierogi, ambazo ni kama sambusa za kuchemshwa, nikarudi kulala Ujerumani.

Kusini ya Görlitz reli inaufuata mto mpaka Zittau, na njiani mpaka umefanya vituko. Mto ulipofanywa mpaka, reli ilibaki kwa vipande upande wa Poland. Kwa hiyo treni ya Kijerumani, yenye abiria wa Kijerumani, inaingia Poland na kutoka, inaingia na kutoka, na mji wa Ostritz, ulio Ujerumani, stesheni yake iko Poland na inaitwa Krzewina Zgorzelecka. Nilishuka peke yangu. Unavuka daraja dogo, umefika nchi nyingine. Nusu saa kwa miguu kutoka Ostritz kuna abasia ya masista ya St. Marienthal, iliyoanzishwa mwaka 1234. Nilikaa kwenye ukuta wa mto nikala mkate na ile haradali ya Bautzen. Kwa saa nzima nilisikia maji, kengele, na trekta moja mbali. Kama mtu angeniuliza siku ile Ulaya ikoje, ningemwambia inanukia majani yaliyokatwa.

Zittau nilifika Ijumaa. Una kitambaa ambacho kingekuwa mji mkubwa ungesimama foleni kukiona: pazia la Kwaresima la mwaka 1472, mita zaidi ya nane kwenda juu na karibu saba upana, limechorwa picha 90 za Biblia kuanzia uumbaji. Mwaka 1945 wanajeshi wa Kisovieti walilikata vipande wakatengenezea chumba cha kuogea kwa mvuke. Likaokotwa, likaunganishwa, ukiangalia vizuri unaona sehemu zilizofifia. Tulikuwa watu wanne kwenye kanisa lile la makumbusho, mmoja wetu mlinzi.

Mbele ya stesheni inaanzia reli nyembamba ya milimita 750, ya mwaka 1890, bado inavutwa na kichwa cha mvuke kwenda milimani Oybin. TAZARA ni milimita 1,067, na hata hiyo watu huiita nyembamba. Nilisimama nikanusa ule moshi kama mtoto.

Jioni mwenye nyumba niliyopanga chumba, mama wa miaka sabini hivi, alinipikia chakula cha kwao: viazi vilivyopondwa, katikati kishimo kimejazwa mchuzi wa nyama. Wanakiita Teichlmauke. Sisi utotoni tulikuwa tunachapwa kwa kuchimba kisima kwenye ugali namna hiyo. Wao wamekipa jina. Hakujua Kiingereza, nami Kijerumani changu ni "asante" na "samahani", basi tukampigia simu mdogo wangu, tukaweka sauti juu, akawa mkalimani.

Aliuliza kwa nini nimekuja Zittau, si Berlin. Nikasema napenda mji ulivyo tulivu.

Mama akaongea kidogo. Simu ikakaa kimya.

"Dada, anasema utulivu huu umemchukulia wajukuu zake."

Mumewe alifanya kazi kiwanda cha malori ya Robur, kilichokufa Ujerumani mbili zilipoungana. Watoto wakafuata kazi Stuttgart. Kesho yake nilipotembea niliyaona niliyoyapita jana: madirisha yaliyozibwa kwa mbao, kengele ya mlango yenye nafasi sita za majina na majina mawili. Ni vilevile kwa stesheni zetu ambazo treni iliacha kusimama. Sikulitumia tena neno "tulivu" mbele ya yule mama. Naye Jumamosi asubuhi akaniuliza kwa ishara kama nimenunua chakula cha kesho, maana Jumapili maduka Ujerumani yanafungwa, na kwenye mji wa namna hii hata mwenye mgahawa anapumzika. Nilikuwa sijanunua.

Siku hiyo ndiyo nilikwenda Herrnhut.

Hapa lazima nieleze. Mimi ni Mkristo wa Kanisa la Moravian kwa kuzaliwa. Mwaka 1891 wamisionari walifika Unyakyusa wakaanzisha misheni Rungwe, na wote waliowatuma mizizi yao ni huko Herrnhut, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa dini kutoka Moravia kwenye ardhi ya mwinyi mmoja, Zinzendorf. Miaka kumi baadaye walikuwa wameshatuma watu visiwa vya Karibi. Leo Wamoravian wa Tanzania peke yetu ni wengi kuliko wa Ulaya yote, tena kwa mbali. Bibi yangu alilitaja jina "Herunuti" kama mtu anayetaja Yerusalemu, na asubuhi hakuanza kazi kabla hajasomewa neno la siku, desturi iliyotoka hukohuko na inayochapishwa kila mwaka tangu 1731. Nilitegemea nini? Mji, basi. Mnara. Geti.

Treni haifiki tena Herrnhut. Unapanda basi kutoka Zittau au Löbau, linakuteremsha kwenye barabara yenye miti, na unabaki unajiuliza kama ndipo. Nyumba za heshima zisizojionyesha. Duka la mikate. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia, na mtaani nilikutana na watu sita. Kuna kiwanda cha nyota za karatasi za Krismasi, zilizoanza kama zoezi la hesabu kwenye shule ya Kimoravian mji wa Niesky. Hilo lilinifurahisha kikazi.

Nikapanda makaburini. Yako kilimani, kati ya safu za miti iliyokatwa ikanyooka, na mawe karibu yote yamelala chini, ya namna moja, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Ukiacha makaburi ya Zinzendorf na jamaa zake, yaliyoinuliwa katikati, hakuna aliye mrefu kuliko mwenzake. Nilitembea polepole nikisoma majina na mahali walikozaliwa: Suriname, Greenland, Afrika Kusini. Walizaliwa mbali, wakaja kulala hapa. Kuna upepo pale juu, na kuna benchi. Nilikaa muda mrefu. Kulia nililia kidogo, kwa ajili ya bibi, aliyekuwa na haki ya benchi lile kuliko mimi.

Jumamosi jioni huwa na ibada ya kuimba. Ukumbi wa kanisa ni mweupe wote, kuta, mabenchi, mapazia. Uliungua Mei 1945 ukajengwa upya. Hakuna mahubiri. Wanaimba ubeti wa wimbo huu, ubeti wa wimbo ule, wameketi. Maneno sikuyajua, ila sauti mbili nilizijua tangu tumboni, nikaimba kwa Kiswahili, chini chini. Mama wa pembeni yangu akageuka, akasogeza kitabu chake karibu nami, ingawa aliona wazi kwamba sikisomi.

Tulipotoka basi halikuwepo. Niliisoma ratiba asubuhi, nikaona la jioni lipo, ila sikuona kiherufi kidogo pembeni ya saa. Maana yake ipo chini kabisa ya karatasi: siku za shule tu. Mwalimu mzima, nimeangushwa na siku za shule. Vijijini kule mabasi mengi yanaishi kwa ajili ya wanafunzi, na Jumamosi yanalala kama wao. Simu nayo ilikuwa imebaki na chaji asilimia nne, na tiketi yangu imo humohumo.

Mume na mke wazee waliokuwa ibadani wakasimamisha gari. Mzee alijua Kiingereza kiasi. Wanakwenda upande wa Zittau, wakanipakia. Wiki mbili zile kila Mjerumani aliyeniuliza natoka wapi nilimjibu Tanzania, naye akafurahi akasema Serengeti, au Zanzibar, au Kilimanjaro, na mimi nikatikisa kichwa kukubali ingawa Kilimanjaro nimeiona mara moja, kwenye basi, tena mawinguni. Mzee naye akauliza. Nikamjibu Tanzania, nikasubiri Serengeti.

"Sehemu gani?"

"Mbeya. Kwa kuzaliwa, Rungwe."

Akapunguza mwendo. "Rungwe," akalirudia, akilitamka kama mtu anayetaja kijiji cha pili kutoka kwao. Akamgeukia mkewe wakaongea. Kisha akaniambia shangazi yake aliwahi kuuguza wagonjwa Isoko, upande wa kwetu, zamani, yeye akiwa mtoto, na kila barua aliyoandika ilianza kwa kulalamikia mvua.

Akaniuliza kama bado inanyesha vile.

Nikamwambia bado.